Masomo Magumu Nyumbani: Mafundisho ya Historia kwa Wazazi wa Likasi

Wazazi wengi wa Likasi wajua saa ile ya jioni, bukari ikiisha kuliwa na vyombo vikiisha kuoshwa, mtoto aletapo daftari lake karibu na taa. Ameandikiwa hesabu za sehemu, nusu na theluthi na robo, au ameandikiwa maneno ya Kifaransa yenye herufi zisizosomwa. Baba hutazama daftari, hukuna kichwa, kisha husema: "Mambo hayo umwulize mwalimu wako." Mtoto hufunga daftari. Kesho yake mwalimu hayupo, au yupo mbele ya darasa lililojaa hata madirishani, na swali la mtoto lafa bila kujibiwa.

Neno hilo, "umwulize mwalimu", lina historia yake. Wazee wetu wa zamani hawakulisema. Lilizaliwa katika kambi za kazi, likakua pamoja na mashule, na upungufu wake ukaonekana siku mashule yenyewe yalipoanguka. Katika makala hii twataka kuifuata historia hiyo hatua kwa hatua, ili wazazi wajue kwa nini wengi wao huogopa masomo magumu, na ni sehemu gani ya masomo hayo iliyo katika uwezo wao.

Shule ya tanuru

Kabla ya reli na kabla ya mashimo makubwa ya kampuni, watu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba kwa karne nyingi. Katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba vimeonekana vyombo vya shaba na misalaba midogo ya shaba, ambayo baadaye ilitumika kama fedha katika biashara ya nchi hizi. Karne ya 19 kazi hiyo ilifanywa na Wasanga, na baadaye na Wayeke, watu wa mfalme Msiri aliyeuawa Desemba 1891. Mwaka 1926 Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa mkubwa wa misioni ya Wabenedikto katika Katanga, aliandika habari zao katika maandishi aliyoyaita kwa Kifaransa "walaji wa shaba".

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Ilipasa kulitambua jiwe la kijani lenye shaba, na kuliacha jiwe linalofanana nalo lakini halina kitu. Ilipasa kujenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kuchoma makaa, kushona mivukuto ya ngozi, kujua moto uwe mkali kiasi gani na wakati gani, kisha kuimimina shaba katika kalibu. Leo elimu hiyo yafundishwa katika vyuo vikuu chini ya majina ya kemia na metalajia, na wanafunzi huiona kuwa ngumu.

Mafundi wale hawakuwa na vitabu wala ubao. Kazi kama hiyo mtu huijifunza kwa kukaa karibu na ajuaye. Huanza kwa kubeba makaa, akitazama. Kisha huvuta mvukuto, na mkubwa humwambia vuta upesi, sasa polepole, akimwonyesha rangi ya moto. Maelezo yote huja katika lugha aliyoinyonya kwa mama yake, na kosa huonekana palepale, kwa kuwa shaba haikutoka. Hatusemi kwamba tanuru ilifundisha kila kitu, kwani haikufundisha kusoma wala kuandika. Twasema tu kwamba watu wa nchi hii waliwahi kufundisha jambo gumu sana katika jamaa zao wenyewe, na wakalifaulu.

Shule ya kambini

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Hapa kwetu ilijenga karakana zake Panda na Shituru, na mji ukakua kandokando yake. Mwaka 1931 ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya injinia Mbelgiji Jean Jadot, na mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi. Wafanyakazi wa kwanza walitoka mbali, wengine Rhodesia ya Kaskazini, wengine Kasai, wengine Ruanda-Urundi, nao walikaa muda mfupi tu. Lakini kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mashauri yake. Ilitaka wafanyakazi wakae kwa mapatano ya miaka mitatu, waje na wake zao, wazae watoto kambini. Watoto hao ndio wangekuwa wafanyakazi wa kesho, na kwa sababu hiyo ilipasa wafundishwe.

Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea, karibu na Brugge katika Ubelgiji, walikuwa wamefika Katanga tangu mwaka 1910. Kampuni ikawakabidhi mashule ya kambi zake. Huko watoto walijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na katekisimu. Kwa kuwa kambini walikutana Waluba, Walunda, Wabemba, Watetela na wengine wengi, masomo ya kwanza yalitolewa kwa Kiswahili, na watoto waliozaliwa hapa wakakifanya kuwa lugha yao ya nyumbani. Mapadre, masista na waalimu wa Kikongo walifanya kazi kubwa katika mashule hayo, na wako wazee wanaowakumbuka hata leo kwa shukrani.

Hata hivyo yafaa tuone pia upande wa pili. Katika kambi kila kitu kilitoka kwa kampuni: nyumba, posho, dawa, na shule. Mzazi hakuulizwa neno juu ya masomo ya mtoto wake. Akina mama walikuwa na nyumba zao za mafundisho, zilizoitwa foyer social, ambamo walijifunza kushona, kupika na kutunza mtoto mchanga. Mafundisho hayo yalikuwa mema na yaliokoa watoto wengi. Lakini mama hakufundishwa hesabu wala Kifaransa alichokuwa akijifunza mwanawe, na hata mashule ya wasichana kwa muda mrefu yaliweka mbele kazi za nyumbani. Basi mtoto alipofika darasa la nne au la tano, alikuwa amekwisha kumpita mama yake, na mara nyingi baba yake pia. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno, "umwulize mwalimu". Wazazi walizoea kuamini kwamba masomo ni mali ya shule, kama vile tanuru la Shituru ni mali ya kampuni.

Na shule yenyewe haikuwafikisha wengi mbali. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokwisha kupata shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache mno katika nchi nzima, na hesabu inayotajwa sana haifiki 30. Mara zikafuata taabu za kujitenga kwa Katanga, tangu Julai 1960 hata Januari 1963. Mji wetu ukaona vita katika Septemba 1961, askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walipozingirwa hapa.

Mizigo miwili kichwani

Mwaka 1962 serikali iliamuru Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Nia ilikuwa njema: watoto wote wa Kongo wapate lugha moja, na mlango wa masomo ya juu ufunguke kwa wote. Lakini baba aliyejifunza kuhesabu kwa Kiswahili sasa alimwona mwanawe akihesabu kwa lugha nyingine. Mwaka 1974 lugha za taifa zikarudishwa katika madarasa ya kwanza, na sheria ya elimu ya Septemba 1986 ikathibitisha kwamba lugha ya taifa, au lugha ya mahali, itumike katika miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo Kifaransa hushika usukani hata mwisho, na Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, hufanywa kwa Kifaransa.

Kwa njia hiyo mtoto wa Likasi hubeba mizigo miwili kwa mara moja, somo lenyewe na lugha ya somo. Wazazi wengi hawatambui jambo hili. Mtoto akishindwa hesabu, husema hana akili ya hesabu. Lakini tuchukue mfano. Kitabu chasema mfanyabiashara amenunua mifuko 12 ya makala kwa bei fulani, akauza kila mfuko kwa bei nyingine, kisha chauliza kwa Kifaransa "bénéfice" ni kiasi gani. Mtoto akaa kimya. Mwulize vilevile kwa Kiswahili: "Mama yako amenunua mifuko 12, ameuza yote, amepata faida gani?" Mara nyingi jibu litatoka kabla hujamaliza kusema. Hesabu alikuwa nayo. Alichokosa ni neno moja.

Miaka ya kuanguka

Ikaja miaka migumu, ambayo wengi wa wasomaji wetu waliiona kwa macho yao. Kampuni, iliyokuwa imekuwa mali ya taifa na kuitwa Gécamines, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Oktoba 1991 wizi na uharibifu ulipita katika miji yetu. Mwaka 1994 shaba yote iliyotolewa haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi.

Tangu Agosti 1992 likaja jambo la huzuni kuliko yote. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Hapa Likasi maelfu ya watu, wazee, wajawazito na watoto, walirundikana kwenye stesheni ya reli wakingojea treni kwa majuma na miezi, wengine wakafa kwa maradhi kabla haijafika. Watoto wa stesheni hawakuwa na darasa. Na miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo waalimu wenyewe, hata watoto waliobaki mjini nao wakawapoteza waliokuwa wakiwafundisha. Chuki iliwaumiza wote, aliyefukuzwa na aliyebaki.

Wakati uleule serikali iliacha kuwalipa waalimu mshahara wa kuwatosha kuishi. Baada ya migomo mirefu, katika mwaka wa shule wa 1992-1993, wazazi walianza kuchanga fedha ili waalimu warudi darasani. Desturi hiyo iliyookoa mashule ikawa pia mzigo, kwani mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa malipo ya mkono mmoja. Vijana wengi wakaenda kuchimba kwa mikono, hata Shinkolobwe karibu nasi, mahali penye madini ya hatari, ambapo watu wanane waliuawa na maporomoko katika Julai 2004, ingawa mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa kwa amri ya Rais tangu Januari mwaka huo.

Katika miaka hiyo, nani aliibeba nyumba? Katika jamaa nyingi ni mama. Aliuza unga kwa meka, makala, mafuta, sombe, nguo kuukuu. Na hapa tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo historia inapotufundisha jambo kubwa juu ya masomo magumu.

Tukumbuke fedha za wakati ule. Bei zilipanda hata noti ya jana ikawa haina kazi leo. Oktoba 1993 serikali ilitoa zaire mpya, na zaire mpya 1 ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, na faranga 1 ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Mwulize mtoto wa sekondari leo: faranga 1 ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire ngapi za zamani? Azidishe 3,000,000 kwa 100,000, apate 300,000,000,000. Wengi wataomba kalamu, na wengine watapotea katika sifuri. Lakini akina mama wa soko la Kikula na masoko mengine walipita katika mabadiliko hayo yote wakiwa na bidhaa mezani. Waligeuza bei, walikata faida, walikumbuka madeni, wakapima mzigo kwa dola na kuuza kwa fedha ya nchi, bei ya dola ikipanda kila juma. Aliyekosea hesabu hakula siku hiyo.

Mama huyohuyo, mtoto akimletea daftari, husema: "Mimi sijui hesabu." Tangu kambini aliambiwa, ingawa si kwa maneno, kwamba hesabu ya kweli ni ile ya ubaoni. Kumbe amefanya hesabu ngumu kuliko za kitabu, miaka mingi, bila kitabu.

Mashule yalipofungwa

Katiba ya mwaka 2006 yasema elimu ya msingi katika mashule ya serikali ni lazima, tena ni bure. Jambo hilo lilianza kutekelezwa Septemba 2019. Watoto wengi walirudi shuleni, na hiyo ni neema, lakini madarasa yakajaa kupita kiasi. Kabla mwaka ule wa shule haujaisha, ugonjwa wa korona ukaingia nchini, na mashule yote yakafungwa tangu tarehe 19 Machi 2020. Madarasa ya mitihani yalifunguliwa Agosti, na mengine Oktoba. Yakafungwa tena Desemba, hata Februari 2021. Oktoba mwaka huo waalimu wa mashule ya Kikatoliki wakaanza mgomo, na watoto wakabaki tena nyumbani.

Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba kufundisha nyumbani ni mambo ya watu wa Ulaya na Marekani hajatazama historia ya mji wake. Katika miaka 30 iliyopita hakuna jamaa ya Likasi iliyopona bila kukaa na mtoto asiye na mwalimu, kwa majuma au kwa miezi. Jamaa nyingine walimwacha mtoto abaki hivyo, na nyingine waliketi naye. Mtoto aliyeachwa miezi mitatu akirudi, darasa limekwisha kumpita. Huona haya, hunyamaza, na baada ya muda huacha shule. Machimbo hayakosi nafasi ya kumpokea.

Mambo manne ya kushika

Jambo la kwanza ni lugha. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini mwaka 354, ameeleza katika Maungamo yake jinsi alivyojifunza lugha mbili. Kilatini alikipata akiwa mtoto, bila hofu, kutoka kwa walezi waliomzungumzisha na kucheza naye. Kigiriki alifundishwa shuleni kwa vitisho na adhabu, akakichukia. Hata ule wimbo wa kuhesabu, moja na moja ni mbili, ulimchosha. Naye akaona kwamba hamu ya kujua hufundisha lugha kuliko hofu. Basi mwacheni mtoto aeleze somo lake kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani. Akilielewa, ajifunze majina yake ya Kifaransa, matatu au manne kila siku, akiyataja mezani bila kuchekwa: faida ni "bénéfice", kinachobaki ni "reste". Baba asiyejua Kifaransa aweza kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Atasikia anaposita, na kumwambia asome tena.

Jambo la pili ni hesabu. Anzeni na kitu kinachoshikika. Watoto wengi hudhani kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Msibishane nao kwa maneno. Wekeni bukari mezani, waulizeni: mngependa mgawane watu watatu au watu wanne? Watajibu mara moja, na somo limekwisha kuingia. Kisha waandike daftarini yale waliyoyaona. Meka ya unga na kopo la kupimia vyafundisha nusu, robo, na nusu ya robo. Mabadilishano ya dola na faranga yafundisha kuzidisha, kugawanya, na hesabu za kwa mia. Lakini sharti mkumbuke kuandika. Hesabu ya kichwani ni nguvu ya soko, na mtihani wadai hesabu iliyoandikwa hatua kwa hatua. Mzazi na mtoto wakiketi pamoja, mmoja huleta akili, mwingine huleta kalamu.

Jambo la tatu ni sayansi. Katika mji wetu mtoto huona kemia kila siku bila kujua jina lake. Kwa nini waya wa shaba uliokaa mvuani waota kijani? Kwa nini jiwe la shaba ni kijani, na shaba yenyewe ni nyekundu? Kwa nini makaa yaliyofunikwa huzimika? Babu zetu wa tanuru walijua kuyatumia mambo hayo. Mzazi aulize, mtoto atafute jibu katika daftari lake au kwa mwalimu, kisha aje kulieleza. Lakini asidi na dawa za karakana zisiguswe kamwe na watoto, wala wasitumwe kuchezea mawe ya machimbo.

Jambo la nne ni kukubali mpaka. Kuna masomo ambayo nyumba haiyawezi. Aljebra, jiometri ya juu na sarufi ngumu ya Kifaransa zahitaji mtu aliyezisoma. Mzazi hapungukiwi na heshima akisema, "Hili silijui, tumtafute ajuaye." Maaskofu wa Kongo walichagua tangu mwaka 1961 njia ya jumuiya hai za Kikristo, na katika jumuiya hizo hupatikana mwalimu mstaafu, mwanafunzi wa chuo kikuu, dada aliyemaliza sekondari. Jumuiya inayokutana kusali Rosari yaweza kutoa saa moja ya Jumamosi kwa watoto wake. Na kaka mkubwa amfundishe mdogo wake, kwa maana anayemfundisha mwingine hujifunza mara mbili.

Haki ya wazazi na deni la serikali

Mwaka 1929 Baba Mtakatifu Pio XI alifundisha kwamba jamaa ina haki ya kumlea na kumfundisha mtoto kabla ya serikali, kwa kuwa Mungu ndiye aliyewapa wazazi uzazi huo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo, ulirudia kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakubwa wa watoto wao, na kwamba kazi yao ikikosekana ni vigumu kupata wa kuijaza. Tamko lilelile lasema pia kwamba serikali sharti iwasaidie na kuona kwamba mashule ya kutosha yapo. Mambo hayo mawili yasitenganishwe.

Twasema hivi ili mtu asiyageuze maneno yetu. Kufundisha nyumbani hakumfungui mwenye deni. Mwalimu astahili mshahara wake, darasa listahili madawati, na sheria yamtaka mtoto awe shuleni. Wala mzazi asimzuie mtoto nyumbani ili amsaidie kuuza au kuchunga wadogo, kisha ajisifu kwamba anamfundisha mwenyewe. Lakini historia imetuonyesha kwamba shule yaweza kufungwa kwa vita, kwa njaa, kwa mgomo, kwa ugonjwa, na kwa chuki za wanadamu. Siku hiyo mtoto hawezi kungoja mpaka wakubwa wapatane. Mwaka wake mmoja ni mwaka kweli, haurudi.

Basi, wazazi wapenzi, jioni mtoto akileta daftari, msimrudishe upesi. Mwambieni aketi. Mwulizeni: "Hapa wanataka nini? Nieleze kwa maneno yako." Mara nyingi, akieleza, atagundua mwenyewe mahali alipopotea. Asipogundua, mtakuwa mmejua ni swali gani la kupeleka kwa mwalimu, au kwa jirani, au kwa dada wa jumuiya. Nusu saa kila siku yatosha, ikishikwa kwa uaminifu, bila matusi na bila fimbo. Haba na haba hujaza kibaba, na ninyi mnaopima unga mwajua kwamba neno hilo ni kweli. Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, waliomlea Mwana wa Mungu katika nyumba ya fundi huko Nazareti, wawaombee ninyi na watoto wenu.